Yaya, Kiti Chako Nimekikalia

Yaya, dada yangu mkubwa mpendwa,

Juzi juzi ulipiga simu ukaniuliza, "Niape ao nisiape?" na rezo ya simu ikakatika kabla sijafungua mdomo. Labda Mungu mwenyewe aliikata, maana siku ile ningekutukana. Tangu hapo situlii. Nikishika kitambaa cha mteja nakikata vibaya, nikisonga bukari inaungua, nikienda misa nasimama wakati wenzangu wanapiga magoti. Mama amenichoka. "Kaa chini, weye mutoto! Unanizungusha kichwa." Haya, nimekaa, nakuandikia.

Unakumbuka tulivyocheka mwaka huu? Kila Jumapili baada ya misa ulinipigia, mimi nijifanye afisa wa Amerika, wewe uwe mwenye kuomba uraia. Nilikoroma kwa sauti nzito: sheria kubwa ya nchi ni gani? Katiba. Nani yuko juu ya sheria? Hakuna, hata rais. Lakini mara ya kwanza nilipokuuliza nani anatunga sheria, ulijibu mbio mbio, "Rais!" Nilicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ua. "Yaya, hiyo ni jibu ya huku kwetu!" Ukanuna. Halafu ukanieleza polepole, kama ulivyonifundisha kusuka nywele, kwamba wale waanzilishi wa Amerika walikuwa wamemchoka mfalme, wakagawa madaraka mafungu matatu: wa kutunga sheria, wa kuitekeleza, wa kuhukumu, na kila mmoja amemshika mwenzake shati asikimbie na nchi. Mama alikuwa anatwanga majani ya sombe, akadakia: "Hata kwetu ilikuwa vile. Mulopwe alikuwa mufalme, lakini bazee ba chama cha bambudye balikuwa banamuchunga. Mufalme asiye na mutu wa kumukataza, ni hatari." Ukapiga kelele kwenye simu kwamba mama amefaulu mtihani kabla yako.

Mimi nilipenda zaidi ile haki ya kusema. Ati mtu anamsema mkubwa mbele ya watu, kisha anarudi kulala kwake! Lakini uliponiambia kwamba walioandika kwamba watu wote ni sawa walikuwa na watumwa mashambani, nilikasirika, nikakwambia achana na mtihani wa uongo. Ukajibu kwamba wajukuu wa watumwa hao hao ndio waliokuja kuyashika maneno yale na kuuliza, na sisi je? Siku hizi nalifikiria sana jibu lile.

Kumbe muda wote tulikuwa tunasoma katiba moja tu, ya kwetu hatukuifungua. Inasema uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganywi na wa nchi nyingine. Nimelisikia kutoka kwa baba mdogo, na ni kweli, nimeuliza kwa wakili. Yaani ukiapa huko, huku unatoka.

Baba mdogo aliposikia unakaribia kuapa, alitoka Kaniama na pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaita mkutano wa jamaa. Unajua anachotaka: parsele ya marehemu papa, kile kiwanja chenye nyumba anamokaa mama, iuzwe. Miaka yote hii umemzuia wewe mzaliwa wa kwanza, kwa kusema hapana. Basi, kama kawaida yetu, tukaiweka simu kwenye kiti chako ili sauti yako itoke pale pale. Baba mdogo akaitoa, akaizima, akaiweka chini kwenye udongo. Ndiyo maana hukusikia kitu. Akasema, "Mu-Amerika hana kiti mu jamaa hii. Katiba njo inasema. Parsele tutauzisha."

Mama alikuwa anaangalia mikono yake. Nami, Yaya, ni kitindamimba. Tangu nizaliwe sijawahi kusema neno katika mkutano ule, na mdogo hakalii kiti cha mkubwa hata kwa mchezo. Nilikikalia. Ee Vidye, Mungu wangu! Kiti chenyewe kililia chini yangu. Nikasema, "Papa mudogo, ile katiba inasema juu ya uraia, haisemi mama atoke mu nyumba. Weye njo unatunga sheria, weye njo unahukumu, weye tena njo utauzisha? Na weye, nani atakukataza?"

Akafoka kwamba Amerika imeniharibu kwa simu tu, sijapanda hata ndege. Shangazi akaanza kucheka, akafuta machozi, akasema, "Jibu swali ya mutoto." Baba mdogo akapanda pikipiki yake bila kula, na mama bado yuko ndani ya nyumba. Atarudi, namjua. Akirudi atanikuta.

Lakini usidhani hasira yangu ilikuwa kwake peke yake. Nilikukasirikia wewe, sana. Nilitaka nikuandikie usiape, urudi, tule sombe, tugombane kila asubuhi kama zamani. Halafu nakumbuka unavyofanya kazi huko, unalipa kodi, na huna sauti hata ya kumchagua diwani wa mtaa wako. Unafundishwa haki na unawatazama wenzako wakizitumia. Hapo naona ubinafsi wangu, nainuka, nazunguka ua, nakaa tena.

Jana mama alikuwa anaanika mahindi. Hakuinua kichwa, akauliza tu: "Akisha kuapa, batamuomba visa juu ya kuja kunizika?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Ni mutoto yako, atapita tu." Akaniamini, akaendelea na mahindi yake. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Apa, Yaya. Simama, inua mkono, sema maneno yote bila kutetemeka, na usiombe radhi kwa mtu. Ila visa hiyo iombe upesi. Uje wakati mama bado anaweza kukufungulia mlango mwenyewe.

Ni mimi, mdogo wako, wa tumbo moja nawe.