Ndoo ya Maji kwa Pangaboi la Baba Salima

Jumamosi, Oktoba. Jua la Newala leo halina huruma, na vumbi limenipa kisingizio cha macho mekundu.

Niko mjini, kwenye kibanda cha intaneti. Nimetoka kumkabidhi dereva gunia, na gari limeshaondoka kwenda Mtwara.

Ndani ya gunia kuna pangaboi la boti.

Najua, kwetu Kitangari na bahari wapi na wapi. Lakini mume wangu alikuwa fundi wa boti moja ya matanga kule Mikindani, mali ya Mzungu aliyekuja wakati biashara zilipofunguliwa na wageni wakaanza kumiminika. Kila mwaka boti ikipandishwa nchi kavu, Baba Salima alilifungua lile pangaboi akaja nalo nyumbani kwa basi, kwenye gunia la korosho. Karakana yake ilikuwa baraza yangu.

Si pangaboi la kawaida. Injini ikizimwa na tanga likashika upepo, mapanga yake hujigeuza ubavu yasizuie maji. Injini ikiwaka, yanajifungua tena. Basi alikwangua konokono wa baharini, akaosha chumvi, akapaka rangi ya kuwazuia wasigande, akamalizia na grisi. Kisha aliniita nisukume panga kwa kidole kimoja. Likigoma, alianza upya.

Kila mwaka tuligombana kwa sababu ya kule kuosha. Maji nishuke niyafuate bondeni, nipande nayo mlima kichwani, halafu ndoo nzima imwagiwe chuma! Nilimwambia alioe hilo pangaboi, nijue moja kwamba nina mke mwenza. Alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka huu alipaka rangi, akasema grisi ataitia asubuhi.

Hakuamka.

Wiki hii nimetoka eda, nikalivuta gunia kutoka uvunguni. Jamani! Pangaboi jeusi tii, linanata, mapanga yameganda kabisa. Nikamwita shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Kumbe wakati wa msiba alilipaka mafuta ya maganda ya korosho, kama tunavyopaka nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa.

"Shemeji, nilitaka kazi ya kaka isiharibike," alisema, huku akificha vidole. Yale mafuta yalimchubua, makovu anayo mpaka leo. Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni, nikayameza.

Lakini mwenye boti amesubiri tangu msiba, na boti haishuki majini bila pangaboi. Na rangi ya mwisho aliyoipaka mume wangu ilikuwa chini ya yale mafuta. Kuyatoa ni kuitoa nayo.

Shemeji alishika petroli, mimi nikashika msasa. Nililia kwa sauti, majirani wakadhani tumefiwa tena. Karibu na shina la panga moja palikuwa na unywele wa brashi yake, umegandia kwenye rangi. Nilipaacha mpaka mwisho. Halafu napo nikapasugua.

Nikashuka bondeni, nikarudi na ndoo, nikaimwaga yote juu ya chuma. Kopo la rangi lilikuwa limebaki nusu. Nikapaka mwenyewe, na rangi yangu ina michirizi, nisijisifu bure. Ilipokauka nikatia grisi.

Jana nikasukuma panga kwa kidole kimoja. Likazunguka taratibu mpaka mwisho, bila kukwama. Nikainua kichwa nimwambie.

Barazani alikuwepo shemeji peke yake.

Ningeweza kulificha gunia, nikasema limeibwa. Niliwaza hivyo njia nzima, mpaka dereva aliponiambia, "Shikamoo, Mama Salima," akalipokea mikononi mwangu. Kazi ya Baba Salima haiozei uvunguni. Ndivyo ninavyojiambia, na moyo haunisikilizi.

Kesho nitashuka bondeni kama kawaida. Maji yote yatakuwa yetu, hakuna wa kuniibia hata ndoo moja.

Njoo uibe, Baba Salima.