Kughafilika kwa Mjomba Talib

Insiya, usinipigie, nikisema nitalia. Soma tu.

Mjomba Talib kaukata mkarafuu wa Mama! Ule wa kule Ole, alioupanda marehemu babu siku Mama alipozaliwa. Kaukata wote wiki iliyopita, eti apate pa kujenga banda la kuku.

Leo tumeitwa kwake tupatanishwe. Tumekaa mkekani, mpatanishi wetu, Mzee Abrahman, kakohoa, katoa hukumu: "Talib kaghafilika tu. Msameheni."

KAGHAFILIKA!!

Wallahi nilidhani sikusikia vizuri. Kughafilika ni kutia chumvi kwenye chai. Ni kusahau rakaa. Huyu kakodi msumeno wa moto, kaleta watu wawili, tena kangoja siku Mama kenda msibani Wesha. Kaghafilika wapi hapo?

Mama kauliza kwa upole: "Talib, ulighafilika kabla ya kukodi msumeno, au baada?"

Mjomba anachezea kofia yake. Mzee ndo akajibu: "Bi Mwanapili, usilikuze jambo." Mama ndo analikuza!!

Ikasemwa basi iletwe chai, tunywe yaishe. Moshi ukatujia kutoka uani, unanukia karafuu. Mie na Mama tukaangaliana. Insiya, chai ya kutupatanisha wanaichemsha kwa kuni za mkarafuu wetu!

Mama kainuka taratibu, kenda uani, kalishika birika kwa kanga, kaimwaga chai yote juu ya ule moto mpaka ukazima. Kisha kawageukia.

"Samahanini," kasema. "Nimeghafilika."