Ubao wa Marehemu na Chumba cha Mzazi

Mpendwa Bi Fakhriya,

Naomba unisaidie, maana tangu nitoke eda mwezi uliopita situlii, nashika ufagio nauacha, naanika mablanketi nayasahau mpaka umande unayapata, na baridi imeshaingia hapa Sur, Omani. Watu wa Nizwa watanicheka, baridi yetu kwao si kitu, lakini sisi wa Unguja tulizoea kaskazi ya joto, na hii ya hapa inapenya mpaka kwenye vifundo. Mume wangu Mahrous, aliyefariki Ramadhani, ndiye aliyekuwa akiitayarisha nyumba kila mwaka, anazibua mlizamu wa darini kabla ya mvua, kisha analiziba dirisha la chumba cha nyuma kwa ubao aliouunga mwenyewe, ananisemesha na misumari imo mdomoni, simfahamu hata neno, tunacheka. Machi alipouteremsha aliandika kwa penseli kwenye ukingo wake neno JUU, hakunambia kitu. Sasa ubao umevimba kwa unyevu, hauingii. Fundi Harub alikuja na randa akataka kuukwangua palepale penye maandishi, nikamwambia basi, nikampa kahawa akenda zake.

Binti yangu Shukriya anakuja kujifungua Januari, na arubaini yake ataikalia katika chumba hichohicho. Wifi yangu Turkiya aliniambia, "Wifi, mtoto apate kifua kwa ajili ya neno moja la penseli?" Nikamjibu, "Neno moja ndilo nililobakiwa nalo." Tangu siku ile tunasalimiana tu. Mimi nimeona njia nyengine, nigongomee nailoni dirishani, nimwekee mzazi seredani ya makaa chini ya kitanda kama alivyonifanyia mama yangu. Nimeijaribu mwenyewe baada ya adhuhuri, nikapata joto zuri, ila niliamka kichwa kinanigonga na miguu hainibebi, nadhani ni huzuni. Je, nakosea kukataa ubao kuguswa?

Ghalia, Sur
Novemba 1983

Bi Ghalia,

Pole sana kwa msiba. Umeniuliza habari ya ubao, nami nitaanza na seredani. Kile kichwa si huzuni. Ni sumu ya makaa, haionekani wala hainuki, na ilibakia kidogo usiamke. Mama yako alikuwekea moto katika chumba cha Unguja, madirisha wazi, upepo unapita. Wewe unataka kumfungia binti yako na kichanga chake ndani ya nailoni. Unalilinda neno la penseli, na huku unamtegea mjukuu mauti. Nisamehe kwa ukali, lakini leo hii seredani itoe uani, na isiingie tena katika chumba kilichofungwa. Shukriya mkande kwa maji ya moto, mvishe soksi, na hayo mablanketi yaanue kabla ya magharibi.

Sasa ubao. Mwite Harub, mwambie apige randa ukingo wa chini. Ubao umezidi kimo tu, haujali umepunguzwa wapi. Yeye alianzia juu kwa kuwa ndiko mkono wake ulikofika, na nyinyi mlishughulika na kuzozana hata hakuna aliyefikiri kuugeuza.

Kisha nenda kwa wifi yako kabla Ijumaa haijafika. Ulimwambia neno ndilo ulilobakiwa nalo, ukasahau kwamba yeye naye kafiwa na kaka. Mwombe aje akushikie misumari. Mlizamu msiusahau, mvua haingoji mtu atulie.

Na ubao utundike wewe kwa mkono wako. Aliyeunga ubao mwenyewe, akautundika miaka yote hiyo, hahitaji kuandikiwa upande wa juu ni upi. Mahrous hakujiandikia yeye.