Hatua za Mama, Jina la Endah

Sukoharjo, 6 Julai

Mwanangu Endah,

Assalamu alaikum. Hujambo mama? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unalala feni ikikupuliza kifuani kama nilivyokukataza? Mimi mzima, ila goti la kushoto tu. Asubuhi lina kiburi, likishapata moto linatii.

Bangili yako imefika na gari la vifurushi. Nimeivaa kama ulivyosema, mkono wa kulia, siivui hata nikioga. Jioni nasimama dirishani pale mtandao unapokamata, nabonyeza ile picha ya kijani kwenye simu, inatoa namba. Jana ilitoa elfu ishirini na mbili na ushee. Mwanangu, ndizo hatua zangu hizo? Miaka ishirini na sita nabeba chupa za dawa mgongoni, mlango huu mlango ule, sikuwahi kujua natembea kiasi hicho. Nilipoiona ile namba nikakaa chini, miguu ikaniuma kwa kuisoma tu.

Bi Karti wa jirani kanicheka: "We Ngatinem, wamekufunga kama kuku wa mnadani! Ukipotea watajua wa nani." Nikamwambia ni mwanangu huyo, anajali afya yangu. Akaingia ndani kwake, maana wa kwake hata salamu hatumi.

Sasa niambie, hizo namba anaziona nani? Daktari? Nisije nikakosea kitu. Na huko Semarang usile wali na pilipili tupu, tumbo lako nalijua.

Mama yako

*

Semarang, 8 Julai

Mama,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, usiwe na wasiwasi. Nafurahi bangili imekukaa vizuri.

Mama, usisahau kubonyeza ile picha kila jioni, kila jioni kabisa. Alhamisi sikuona kitu. Ulibaki nyumbani? Na Ijumaa ukipumzika, basi zunguka hata uani. Kazini hapa mambo ni yale yale, nakaa mapokezi tangu asubuhi mpaka saa kumi, nakaribia kuota mizizi kitini.

Mwanao Endah

*

Sukoharjo, 4 Agosti

Mwanangu,

Assalamu alaikum. U mzima? Nimeota umekonda. Kama ni ndoto tu, alhamdulillahi, kama ni kweli niambie, usinifiche.

Wiki iliyopita goti lilikataa siku mbili. Sikutoka. Lakini nikakumbuka ulivyosema kila jioni kabisa, nikaingiwa na hofu, nikafikiri labda daktari atakasirika. Basi nikawa nasaga manjano kwa ajili ya wateja wanaokuja wenyewe. Niko kwenye kigoda, jiwe mbele yangu, nasaga mbele nyuma, mbele nyuma, nikatazama mkononi. Namba inapanda! Nikaacha, ikaacha. Nikasaga, ikapanda. Nikamwita Bi Karti. Alicheka mpaka akashika mlango. "Umefika Solo na matako yako yako kwenye kigoda! Saga na tangawizi, utafika Jakarta!"

Nilicheka na mimi. Halafu kicheko kikaniishia. Maana kila alfajiri nasaga na bangili mkononi. Kwa hiyo hata zile elfu ishirini na mbili, zimo za jiwe. Nani anazihesabu, na anajua?

Tena jambo jingine. Nilikosea nikabonyeza pembeni, kikatokea kitu kipya. Jina langu halimo. Limo lako na picha yako, ile yenye mtandio wa samawati, juu kabisa, na chini yako majina ya watu. Anayekufuata anaitwa Sarmi. Ni nani huyo, na kwa nini hatua zangu zina sura yako?

Mama yako

*

Semarang, 6 Agosti

Mama,

Shikamoo. Sijakonda, nimenenepa.

Nilitaka iwe siri mpaka mwisho, lakini umeshafika jikoni. Kampuni yetu imeweka mashindano. Kila mfanyakazi kapewa bangili. Atakayetembea zaidi kwa siku tisini anapelekwa umra, yeye na mzazi mmoja. Umra, Mama. Makka. Tangu Baba afariki umekuwa ukiniambia "nikifika pale hata siku moja tu". Mimi kwa mshahara wangu wa mapokezi nitakufikisha lini?

Najua utasema nini. Lakini hatua ni zako kweli. Hakuna aliyetikisa simu. Yoyok wa stoo anafunga yake kwenye pangaboi, jioni anaikuta imetembea kuliko tarishi wa posta. Mwingine kamfungia paka. Kila mtu anajua, wanacheka tu. Wewe angalau unatembea kwa miguu yako mwenyewe, na mimi ni damu yako. Wa kwenda ni wewe. Kuna ubaya gani hapo? Hayo ya jiwe yaache, ni kidogo.

Sarmi ni mfagiaji wetu. Mtu mzima kama wewe. Usimfikirie.

Zimebaki siku hamsini na tatu. Tafadhali Mama.

Mwanao Endah

*

Sukoharjo, 24 Agosti

Mwanangu Endah,

Assalamu alaikum. U hali gani? Nimechelewa kujibu. Nimeanza kuandika mara tatu nikafuta.

Nitakuambia ukweli kwa mpangilio, usinikatize. Ulipotaja Makka nililia palepale dirishani na simu mkononi. Sikufikiri mashindano wala bangili. Nilifikiri nyumba ile na mimi mbele yake. Nikamwambia Bi Karti, nikamwapisha asiseme. Unamjua Bi Karti. Sikuwa nimemaliza kuosha chupa, mtaa mzima ukawa unajua. "Mama wa dawa anakwenda umra! Mwanawe anampeleka!"

Sasa ningefanyaje? Unajua desturi yetu. Anayekwenda huko hamwachi mtu na kinyongo, lazima aage, mlango kwa mlango, aombe radhi. Walianza kunitazama, wanangoja nianze. Nikaanza, Endah. Ushindi hujaupata, tarehe haipo, na mimi nazunguka na kitambaa changu kizuri kichwani: kama niliwahi kukukosea kwa neno au kwa tendo, nisamehe. Nyumba kumi na tatu. Wakanikumbatia. Wengine wakanipa majina kwenye karatasi niwaombee. Bibi Wiryo kanipa la mumewe.

Bibi huyo huyo akaniuliza: "Endah anakaa ofisini, si ulisema? Anatembea saa ngapi hatua zote hizo?" Nikasema, "Mwanangu anapenda sana kutembea. Anaamka mapema, anazunguka uwanja." Wewe, ambaye nilikuwa nakufuata na fimbo uende dukani! Nimemwomba mtu radhi na hapo hapo mlangoni pake nikamdanganya. Hata viatu vya safari sijavaa bado.

Na bado sijaivua bangili. Nikuambie na hilo. Nimekuwa nikipita njia ndefu ya sokoni makusudi. Goti limevimba. Nina hasira na wewe, na nina hasira na miguu yangu inavyokutii.

Huyo Sarmi ana mama? Anataka kwenda na nani?

Mama yako

*

Semarang, 26 Agosti

Mama,

Shikamoo. Pole na goti. Lakini Mama jamani, mlango kwa mlango! Nani kakutuma? Sasa tukishindwa nitaitazama vipi sura ya Bi Karti?

Sarmi anataka kwenda na mama yake, ana miaka themanini na kitu. Umeridhika? Siku hizi hali chakula cha mchana, anazunguka ua wa kiwanda juani na ufagio begani. Juzi kanijia mapokezi, kaegemea meza, kaniambia, "Dada Endah, hebu niibie siri. Unatembea wapi? Nami nije nikufuate nyuma." Hana kejeli yule, aliuliza kweli. Nilimwambia natembea alfajiri. Akasema, "Basi ndiyo maana, mie alfajiri nampikia mama."

Sikulala vizuri. Usiniongezee. Siku thelathini na tatu tu, halafu yataisha.

Mwanao Endah

*

Semarang, 1 Septemba

Mama, shikamoo. Jana sifuri. Mtandao umekata?

Endah

*

Semarang, 2 Septemba

Mama. Sifuri tena. U mgonjwa? Nimempigia Bi Karti, kasema amekuona asubuhi na kikapu chako. Nijibu basi.

Endah

*

Semarang, 5 Septemba

Sarmi kanipita leo. Watu wamempigia makofi kantini. Na mimi nimepiga. Mama, unanifanyia nini?

E.

*

Sukoharjo, 6 Septemba

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Si mgonjwa. Nimeivua. Iko ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati, haiendi popote.

Sikukujibu kwa sababu ungeniomba, na ukiniomba nakubali. Ndivyo nilivyo kwako tangu ulipokuwa mdogo, na ndiyo maana tumefika hapa.

Nilikuwa naweza kumeza la pangaboi na la paka. Hilo la "nije nikufuate nyuma" limenikaa kooni. Nikitembea namwona nyuma yangu na ufagio. Nikisimama kumpimia mteja, namwona anasimama. Mwanamke wa umri wangu anaacha kula ili amshinde msichana aliyekaa kwenye kiti, kumbe anashindana na mimi na jiwe langu la manjano. Wewe unasema hatua ni zangu. Kweli ni zangu. Ndiyo maana nazichukua.

Usinipigie kwa hasira. Nipigie ukishakula.

Mama yako

*

Sukoharjo, 20 Septemba

Mwanangu, assalamu alaikum. Wiki mbili hunipigii wala huandiki. Umekula? Nijibu neno moja tu, "nimekula".

Mama yako

*

Sukoharjo, 29 Septemba

Endah. Jana mashindano yamekwisha, nimehesabu siku kwa vidole. Bi Karti ananiuliza tunaondoka lini. Nimemwambia nina mteja.

Mama yako

*

Semarang, 9 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Nimekula.

Nilikuwa na hasira hata jina lako kwenye simu sikutaka kuliona. Nisamehe kwa hilo. Sasa sikiliza mambo yalivyokwenda, maana yananichoma.

Wiki ya mwisho Yoyok aliwasha mapangaboi mawili. Akatupita wote. Akashinda! Siku ya matokeo kapanda jukwaani anafuta jasho la uongo, anasema, "Siri ni nidhamu." Watu wa stoo wanabana vicheko. Sarmi wa pili. Alikwenda kwenye kile chumba cha ndoo akajifungia. Nilisikia maji yanafunguliwa ili asisikike.

Nikaingia kwa meneja wa utumishi. Nikamweleza ya mapangaboi. Akanisikiliza, halafu akafungua makaratasi yake, akasema, "Na wewe, elfu ishirini na mbili kwa siku, na mapokezi hujatoka?" Pale ningeweza kusema natembea alfajiri. Lilikuwa tayari mdomoni. Nikasema ni za mama yangu.

Nilidhani basi watampa Sarmi. Ndivyo ilivyo haki, si ndiyo? Mama, wamefuta safari yote! Wamesema mashindano yameharibika, hawajui nani mkweli nani si mkweli, kwa hiyo hakwendi mtu. Kila mfanyakazi kapewa mwavuli. Sarmi, ambaye kila hatua kaitembea, kapewa mwavuli. Nimewaambia Sarmi ni mkweli. Wakasema, "Utathibitishaje? Wewe ndiye shahidi?"

Nimepewa barua ya onyo, nimetolewa mapokezi, sasa napanga mafaili chumba cha nyuma. Yoyok haniangalii. Sarmi naye hanisemeshi. Nilimwita "Bi Sarmi", akanipisha njia na ndoo yake kama napita na kitu kizito.

Nimesema ukweli na hakuna aliyepata kitu. Sasa faida yake nini? Niambie wewe uliyeivua.

Endah

*

Sukoharjo, 11 Oktoba

Mwanangu Endah,

Assalamu alaikum. Alhamdulillahi umekula. Nimelisoma lile neno kabla ya mengine yote.

Faida yake siijui, mama. Ningekuwa na jibu ningekupa. Nimekasirika mpaka nimevunja chupa moja ya ukwaju. Mwavuli! Na huyo mama yake Sarmi, miaka themanini, wanampelekea mwavuli. Tungenyamaza mpaka mwisho nafasi hiyo isingekuwa yake. Tungekuwa wakweli tangu mwanzo ingekuwa yake. Hapo katikati ndipo tulipoiharibu, mimi na wewe, na njia yangu ndefu ya sokoni. Usiseme ni Yoyok peke yake.

Nenda kwa Sarmi. Usimngoje kwenye korido ukamwita na watu wakitazama. Nenda kwake, ubishe hodi. Usibebe zawadi, atadhani unanunua kitu. Mwambie za kwangu na za jiwe, zote. Asipofungua, rudi siku nyingine. Asipofungua tena, rudi tena. Kutembea si unakupenda sana?

Na mimi nina zangu. Leo asubuhi nilivaa kitambaa kile kile kizuri nikaanza upya, nyumba kumi na tatu. Nawaambia siendi Makka, na kwa nini siendi. Bi Karti wa kwanza, nilitaka nimalize kubaya kwanza. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakucheka, akanitolea kigoda. Wa pili kanifariji. Wa tatu kaita dada yake jikoni aje asikie, nikarudia yote mwanzo mpaka mwisho nimesimama juani.

Wa nne Bibi Wiryo. Nikamwambia nilimdanganya pale pale mlangoni, nikamrudishia ile karatasi ya jina la mumewe. Akaichukua. Akaikunja ndogo, ndogo zaidi, akaishika. Nikangoja anitukane, angenitukana ningepumua. Akatazama kikapu changu, akasema, "Haya. Nipimie ile dawa chungu."

Nikampimia glasi imejaa. Akainywa yote bila kukunja uso, akanirudishia glasi, akaingia ndani, mlango hakuufunga.

Kesho naanzia nyumba ya tano.

Mama yako