Nikianguka, Watanitafuta Rayners Lane

Mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako kabla hofu haijanimaliza, na jina langu lisitajwe, maana huku London Wazanzibari sote twajuana na safu yako husomwa mpaka na wifi yangu, na ndiye hasa ninayemwogopa.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na nane, nakaa Edmonton, nafanya kazi ya kulea wazee, na kwa kuwa mama yangu magoti yalimfunga kitandani kabla ya kufika umri huu wangu, nilijiunga na matembezi ya hisani, nikaanza na maili tano, nikaja kumi, na mwaka jana nikatembea nusu marathoni nikamaliza, nikafurahi kama mtoto siku ya Idi, wala sikumficha mtu. Basi siku ile wifi yangu Sheikha, dada wa mume wangu, alikuja kunipokea mwisho wa safari, akanitazama chini mpaka juu, akasema, "Lo! Miguu gani hiyo, wifi, haichoki?" wala hakusema mashallah, na asubuhi yake goti limevimba siwezi kushuka ngazi, ikabidi Sheikha huyo huyo ashinde kwangu siku tatu akinikanda na kunipikia uji, lakini mimi moyoni nilikwisha jua kuwa ni jicho.

Sasa nimejiandikisha marathoni nzima, maili ishirini na sita, mwisho wa kiangazi, na safari hii sijamwambia mtu, hata mume wangu Hamad, maana Hamad hana siri kwa dada yake. Kila Jumapili naaga nakwenda khitma, leo Southall, wiki ijayo Rayners Lane, huko upande wa pili wa mji, navaa baibui langu zuri, viatu vya mazoezi nimevificha mkobani, chakula sichukui kwa sababu nani anayekwenda khitma na mkate wake, na simu naizima watoto wasione nilipo, kisha nashika njia ya kando ya Mto Lea peke yangu.

Jumapili iliyopita niliaga nakwenda Rayners Lane, nikaongeza masafa, nikaipita Waltham Abbey nikaendelea, jua kali, tumboni sina kitu tangu chai ya asubuhi, mara mikono ikaanza kutetemeka, macho yakaingia kiza, nikakaa kwenye majani, na wenye baiskeli wananipita wakidhani napumzika, na ndipo iliponijia kwamba nikianguka hapa, watanitafuta Rayners Lane. Mshauri, sijapata kuogopa vile. Mwanamke mmoja mwenye mbwa alinipa juisi, nikarudi kwa treni, nikamkuta Hamad mlangoni: "Muda wote huu phone off! Haya, mmepikiwa nini?" Nikasema biriani, na njaa inaniuma. Sijaketi, Sheikha anapiga simu: "Khitma ya nani leo, wifi? Mbona mie sina habari?"

Tangu hapo silali. Nikisema, naogopa jicho, nikinyamaza, naogopa njia, na kujitoa siwezi, nimeitamani mno. Nifanye nini?

Mwoga wa Edmonton

MSHAURI ANAJIBU

Bibi wewe, nimesoma barua yako nikashika kichwa. Pole kwanza, maana hofu iliyokupata pale majanini si ya mchezo. Pole imekwisha, sasa nikuseme. Umezua khitma ngapi mpaka leo? Watu hawajafa, wewe unawasomea, na biriani unawasingizia!

Jicho lipo, sibishani nawe. Soma dua zako utokapo. Lakini kilichokukalisha chini kando ya mto ni njaa, kiu na jua, na uongo uliokuzuia kubeba hata tende mbili. Goti nalo huenda ni viatu, huenda ni umri; daktari ndiye ajuaye. Sasa rudia barua yako mwenyewe. Nani alikungoja mwisho wa safari? Nani alishinda kwako siku tatu akikukanda? Mwenye kijicho hapiki uji. Sheikha alisahau neno moja, nawe umemhukumu mwaka mzima.

Kesho nenda kwa daktari, umweleze kutetemeka huko na hicho kiza cha macho, wala usitembee masafa marefu mpaka akuruhusu. Akikuruhusu, ongeza kidogo kidogo, na si lazima uzimalize zote ishirini na sita kabla ya siku yenyewe. Beba maji, tende, mkate. Simu iwe wazi. Baibui zuri libaki kabatini mpaka khitma ya kweli. Na Hamad mwambie leo hii, kabla hajaisoma hapa. Majina yote nimeyabadilisha, lakini biriani ataitambua.

Kisha mpigie wifi yako. Mwambie unataka mtu wa kukungoja maili ya ishirini, pale miguu inapokataa, na chupa ya chai ya tangawizi. Atakuja mbio. Na akikutazama chini mpaka juu akasema, "Lo! Miguu gani hiyo!", usimkimbie. Mjibu: "Sema mashallah, wifi, kisha nipe chai."