Nani Kasema Nimeijaribu?

Magomeni, Mtwara
14 Aprili 2025

Kwako mdogo wangu Yusufu,

Assalam aleikum. Natumaini wewe, wifi yangu Latifa na watoto mko salama huko Dar. Sisi huku wazima, ila mguu wangu unanisumbua na hizi mvua. Salamu zimeisha. Sasa nisikilize.

Ijumaa iliyopita Mzee Ismaili wa Mtawanya, yule mwadhini asiyeona kama mimi, aliingia msikitini na ile simu ambayo shirika lenu limewagawia wenzangu kumi. Asubuhi alikuwa anasikiliza podikasti ya dawa za mikorosho kwenye programu yenu, hiyo mnayoiita Sikio Moja. Akadhani ameisimamisha. Katikati ya hutuba simu ikaanza yenyewe mfukoni mwa kanzu: "Bashiri sasa, ushinde leo leo!" Tangazo la kamari, Yusufu! Na muziki wake juu! Mzee akaitoa, akapapasa kioo atafute pa kuzimia. Yule mwanamke wa kwenye simu anayetusomea kilichoandikwa akawa anasema tu, "Kitufe. Kitufe. Kitufe kisicho na jina." Akabonyeza pembeni apunguze sauti, ikapungua sauti ya huyo mwanamke, kamari ikaendelea kupiga kelele. Mpaka mtu wa safu ya nyuma akamnyang'anya akaizima.

Watu walicheka, msikitini! Kuna aliyemuuliza siku hizi anabeti timu gani. Tangu hapo mzee hajaadhini, wala hajatoka kwake.

Nikaenda kumpa pole. Unajua aliniambia nini? "Riziki, si wewe uliyesema hii programu ni nzuri?" Nikaenda kuuliza. Mwalimu Doris, anayekisaidia kikundi chetu cha wasioona, ndiye aliyenisomea ripoti yenu: "Imejaribiwa na kuthibitishwa na Bi Riziki Hamisi, mtumiaji asiyeona, Mtwara." Lini? Wapi? Nani kasema nimeijaribu? Nijibu kwa maandishi, simu yangu itanisomea, usinitumie sauti. Nataka ibaki.

Dada yako,
Riziki


Dar es Salaam
17 Aprili 2025

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Pole sana na mguu, jikande na maji ya moto. Sisi hatujambo, Latifa anakusalimia. Habari ya Mzee Ismaili imenisikitisha, mfikishie pole zangu.

Lakini dada, usinikaange bure. Idd Pili nilipokuja na ile simu nilikuwekea mkononi, ukaipapasa, ukasema mbele ya watu wote, "Nzuri mno, Mungu akuzidishie." Wakwe zangu mashahidi. Nimeandika ulichosema, sikuongeza neno. Tena programu hiyo sikuichagua peke yangu. Kamati nzima iliipitia na wote waliipenda, rangi zimetulia, picha zake kubwa na safi.

Nikwambie na jambo lingine, ila liwe letu. Ijumaa ya tarehe 9 Mei tunasaini mkataba wa simu mia mbili zaidi, za Lindi na Mtwara, zote zikiwa na Sikio Moja. Jambo hili likipita salama, mkurugenzi ameniahidi ajira ya kudumu. Mwambie mzee avumilie kidogo, atazoea.

Mdogo wako,
Yusufu


Magomeni, Mtwara
18 Aprili 2025

Yusufu,

Marhaba. Mguu hivyo hivyo, ila moyo unawaka moto.

Rangi zimetulia! Kamati ya watu wenye macho yao mawili mawili imekaa ofisini kuangalia rangi, eti inachagulia watu wasioona! Hivi mna akili timamu nyie? Hakuna hata mmoja aliyesema tufumbe macho kidogo tuone itakuwaje?

Na hiyo Idd yako. Ulinipa zawadi mbele ya baba mkwe na mama mkwe wako, sinia la pilau liko mkekani, mkeo ameketi pembeni yangu. Ulitaka nisemeje? "Mdogo wangu, kitu chako kibovu"? Mtu akikupa zawadi mbele ya wageni unashukuru, hata akikuletea kiatu cha mguu mmoja. Hujalelewa porini wewe. Mama alipofariki nilikulea mimi, nyumba hii hii, na nilikufundisha mimi mwenyewe kushukuru kabla hujafungua ulichopewa. Leo unaichukua shukrani ya mbele ya wageni unaipeleka ofisini iwe ushahidi! Simu yenyewe niliishika muda wa kutafuna nyama moja. Kesho yake asubuhi tulikunywa chai wawili tu, wewe na mimi. Ungeniuliza, ningekwambia. Hukuuliza kwa sababu ulishapata ulichokitaka.

Eti atazoea. Mzee Ismaili amezoea kutoona miaka arobaini, upuuzi wenu ndio hawezi kuuzoea.

Sasa ndiyo naijaribu kweli, hiyo na nyingine mbili, pamoja na wenzangu. Na wewe futa jina langu.

Dada yako,
Riziki


Magomeni, Mtwara
29 Aprili 2025

Yusufu,

Assalam aleikum. Siku kumi na moja kimya, nasikia u mzima kwa sababu wifi ananipigia. Haya, bubu wangu, soma.

Mzee alikataa kuja kwangu, hataki kuonekana njiani. Kwa hiyo tulimfuata sisi, tukakaa ukumbini kwake Mtawanya: mimi, yeye, na Asia, yule mama wa mapacha aliyepofuka mwaka juzi. Mzee alikuwa na sharti moja tu. Alisema, "Nataka niweze kuizima mwenyewe bila kumwomba mtu."

Tukaanza na Sikio Moja. Asia alitelezesha kidole mara kumi na tisa ndipo akafika pa kuchezesha. Njiani tangazo likafunika kioo kizima, na kitufe cha kuliondoa hakisomwi kabisa. Alipotaka kurudi nyuma sekunde thelathini akagusa kisicho na jina, akafuta masomo yote ya chanjo za watoto aliyoyapakua kwa bando lake. Alilia kwa hasira, na mimi nilikutukana, nakiri.

Ya pili vitufe vyake vina majina, lakini yote ya Kiingereza, na yule mwanamke wa simu akiyatamka Kiswahili chake hayaeleweki hata kwa Mwingereza.

Ya tatu Mwalimu Doris anasema ni mbaya kwa sura, haina picha wala madoido. Sisi tumeipenda! Kila kitufe kinajitaja: simamisha, rudi nyuma, pakua. Kipindi kikiisha hakianzi kingine mpaka uombe. Haina matangazo. Ukigonga kioo mara mbili kwa vidole viwili, popote pale, inanyamaza. Mzee aliizima mara saba. Mara ya saba akacheka, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia anacheka tangu Ijumaa ile.

Hiyo ndiyo ya kuchagua. Jina lake Doris atakutumia. Na la kwangu bado hujalifuta.

Dada yako,
Riziki


Dar es Salaam
3 Mei 2025

Dada,

Shikamoo. Nisamehe ukimya, nilikuwa sijui nianzie wapi. Watoto wazima.

Nitakwambia ukweli. Siku ile ya Idd, wageni walipoondoka, nilikuona umeifungia simu kabatini, hukuigusa tena. Nilijua hukuipenda. Niliandika vile kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi ya jina la mtu asiyeona, na sikuwa na mwingine.

Sasa ripoti imeshafika kwa wafadhili. Nikisema leo kuwa ni uongo, ajira sina. Nivumilie dada, tusaini kwanza, baadaye nitairekebisha kimya kimya. Nakuomba kama mama yangu.

Mdogo wako,
Yusufu


Magomeni, Mtwara
4 Mei 2025

Yusufu,

Marhaba. Kama mama yako, nakukatalia.

Kimya kimya! Watu mia mbili wapewe hilo dude, wengine liwaumbue msibani, wengine hospitali, wewe utakuwa unarekebisha kimya kimya? Macho yaliniishia nikiwa na miaka thelathini. Tangu hapo nimewafundisha simu wasioona wa mji huu, na nikisema kitu wananiamini. Hicho ndicho ulichokichukua, tena bila kuniomba.

Nimeandika barua kwa wafadhili, anwani nimeipata kwa Doris. Nimekupa nafasi ya kuwahi kwa kuwa ni wewe. Ijumaa mnasaini saa nne asubuhi. Ikifika saa tatu hujasema mwenyewe, naituma.

Bado ni dada yako,
Riziki


Dar es Salaam
11 Mei 2025

Dada,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje?

Nimesema. Saa mbili na nusu niliingia kwa mkurugenzi, wafadhili wawili wakiwemo. Niliwaambia dada yangu hakuwahi kuijaribu, na waliojaribu kweli wameikataa. Nikawasomea barua yako ya ukumbini, yote, pamoja na pale uliponitukana. Mkurugenzi akauliza nani aliandika kuwa umeithibitisha. Nikasema mimi.

Mkataba haukusainiwa. Ile programu ya tatu italetwa kwenu kwa barua rasmi muijaribu kwanza. Mimi nimeondolewa kwenye mradi, na kazi yenyewe inaisha Juni. Latifa hanisemeshi. Nimekukasirikia dada, sikufichi, halafu najikasirikia mwenyewe zaidi.

Nataka kuja kumwomba radhi Mzee Ismaili, nyumbani kwake, tukiwa wawili tu. Niulizie kama atanipokea.

Mdogo wako,
Yusufu


Magomeni, Mtwara
14 Mei 2025

Mdogo wangu Yusufu,

Marhaba. Mguu umepata nafuu. Nilipoisoma barua yako nililia, kwa furaha na kwa uchungu wa kazi yako. Nikasirikie tu, una haki. Na Latifa nitazungumza naye mimi. Ming'oko imeshachimbwa porini, nitakuchemshia ule.

Mzee nimemuuliza. Amesema nyumbani kwake usiende. Yeye alichekwa msikitini, watu wamejaa, kwa hiyo uje Ijumaa usimame mbele ya watu walewale, useme kosa lilikuwa la nani. Ukishamaliza, Alasiri ataadhini yeye.

Panda basi la kesho. Mimi nitakuwa upande wa wanawake, nakusikiliza.

Dada yako,
Riziki