Hatua Ishirini kwa Thelathini

Buhongwa, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, mguu haukusumbui, na anayekusomea awe mdogo wangu wala si mwalimu, maana humu nina maneno ya hasira. Sisi huku tu wazima. Watoto wanasoma. Mimi bado nakaanga mapanki, yale mabaki ya sangara viwanda vikishaondoa minofu ya kupeleka Ulaya, na hata hayo yanazidi kupanda bei.

Uliuliza tumefikia wapi na habari ya viwanja. Tumefikia kwenye upumbavu. Tumeambiwa wapimaji watakuja mtaani kwetu, basi wakubwa wa hapa wakaunda kamati ya kuamua kiwanja kisipungue ukubwa gani. Kitakachopungua hakitapimwa, mwenyewe atamuuzia jirani. Aliyeleta wazo hilo ni Bwana Ngussa, mstaafu mmoja ambaye ardhi yake imenizunguka pande tatu. Huyo ndiye jirani. Anasema mji wa kisasa hautaki vibanda vya kubanana. Yeye kiwanja chake kikubwa anafugia bata.

Tumekutana Jumapili tatu darasani, tumebanwa kwenye madawati ya watoto. Ya kwanza yote iliishia kwenye hatua. Si unajua huku tulinunua kwa hatua: muuzaji anatembea, wewe unahesabu, mnapanda minyaa ya mpaka, kwisha. Kamati ikakubali hatua ishirini kwa thelathini, halafu wakaanza kubishana ni hatua za nani. Ngussa ana miguu mirefu kama korongo, akataka zitumike zake. Katibu ni mfupi, akasema huo ni uonevu. Watu wazima, mama, wenye wajukuu, wakatoka nje hadi uwanjani wakawa wanatembea na kuhesabu kwa sauti, na sisi wanawake tumekaa tunawatazama. Niliwaonea aibu.

Changu ni hatua kumi na moja kwa kumi na nne, hata utumie miguu ya nani. Baba Bwire alikinunua kwa kiinua mgongo chake, siku zile kiwanda cha Nyakato kilipowapunguza kazi. Sina kingine duniani.

Jumapili iliyopita nikasimama. Nikasema nakubali kuuza, ila Bwana Ngussa aje kwanza nyuma ya jiko langu, kwenye kaburi la mume wangu, amweleze yeye mwenyewe kwamba anahamishwa. Na aandae ng'ombe, maana ndugu wa marehemu watakuja kutoka Majita kumsikiliza.

Ngussa, na usasa wake wote, akawa anatazama viatu. Hakuna mtu huku atakayepanda hata mchicha juu ya maiti ya ukoo mwingine. Wakanong'onezana, kisha katibu akaandika kwenye daftari: kiwanja kisipungue hatua ishirini kwa thelathini, isipokuwa penye kaburi. Wakapiga makofi. Hiyo ndiyo akili ya kamati yetu, mama, na wanataka tuwaite waheshimiwa.

Nilipotoka nje, Mzee Masanja, fundi baiskeli ambaye kiwanja chake ni kidogo kuliko changu, akanishika mkono. Hakuwa anatania.

"Una bahati wewe, mama Bwire," akaniambia. "Umeshazika. Mimi kwangu wote wazima."

Nilifika nyumbani nikalia, halafu nikawasha moto nikakaanga samaki, kwa sababu wateja walikuwa wanangoja.

Nisalimie mdogo wangu anayekusomea, mama mdogo, na shangazi msusi wa mikeka. Bwire anamwamkia bibi yake. Shemeji naye msalimie sana, lakini mwambie ile safari aliyoipanga, ya kuja kumchukua kaka yake akazikwe kwao, aiache. Najua ni haki yake, na najua atakasirika. Asije, mama. Baba Bwire akitoka hapa, na sisi tumetoka.

Ni mimi mwanao,
Nyamumwi